Mafundi wa mdomo mmezidi! Ukipinga kipimo cha mwenzako, weka chako

Wakuu, salamu kwa wote wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe mnaopenda mziki uliotulia. Leo sina lugha laini.

Mtu yuko Uyole anauliza jambo la kawaida kabisa: ana wufa (spika ya besi) ya inchi 10, ana boksi la lita 50, anataka bomba la hewa liimbe kwenye hezi 35 (mitetemo 35 kwa sekunde), alikate urefu gani? Swali la mstari mmoja. Majibu yamejaa kurasa tatu. Mmoja anamshauri anunue waya wa fedha. Mwingine anasema Mbeya iko juu, hewa nyepesi, hesabu za vitabuni hazifanyi kazi huku. Wa tatu anasema wufa za Kichina hazina besi, "fizikia inakataa". Hakuna aliyemuuliza kipenyo cha bomba. Hata mmoja!

Jibu lake hili hapa. Chukua kipenyo cha ndani cha bomba kwa sentimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 23,562.5. Gawanya kwa lita za boksi mara hezi mara hezi. Ukipata, toa kipenyo mara 0.732. Kwa bomba la PVC lenye sm 10 ndani: 2,356,250 gawanya kwa 61,250 unapata 38.5, toa 7.3, inabaki sm 31. Basi. Sasa angalia wanapokosea wengi: hizo lita 50 ni hewa inayobaki baada ya kutoa wufa yenyewe, mbao za kushikizia ndani, na bomba. Bomba la sm 31 lenye kipenyo cha nje sm 11 linakula karibu lita 3. Na mdomo wake wa ndani uache angalau sm 10 kabla ya ukuta wa nyuma, la sivyo linajiziba lenyewe na hesabu inapotea. Boksi likiwa fupi weka elbo ya fundi bomba, upime kupitia katikati ya kona.

Kata sm 34, usikate 31. Bomba refu unalipunguza, fupi hulirefushi. Kila sentimita unayoondoa inapandisha sauti ya bomba kama nusu hezi. Lijaribu hivi: laza boksi chali, fungua programu ya kutoa toni kwenye simu, sauti ndogo, anza hezi 45 ukishuka hezi mojamoja, mulika koni (ile karatasi ya wufa inayotikisika) kwa tochi. Pale koni inapotikisika kidogo kuliko kwingine huku upepo wa bomba ukiwa mkali, ndipo boksi lako lilipo. Usishuke chini ya hapo na sauti kubwa, maana hewa ya boksi haiishikilii koni tena, koili inagonga bamba la nyuma.

Kazi ya jioni moja. Kubishana nayo humu kumechukua wiki.

Tuje kwenye hili la mwinuko, maana ndilo limenichefua zaidi. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni karibu asilimia 82 ya ile ya Dar. Hiyo ni kweli. Lakini mjuaji wetu ameishia hapo, hakupiga hatua ya pili. Kwenye boksi lenye bomba, hewa ya ndani inafanya kazi ya springi na hewa iliyo ndani ya bomba inafanya kazi ya uzito. Hewa ikiwa nyepesi springi inalegea, na uzito nao unapungua kwa kiasi kilekile. Vinafutana! Bomba la hezi 35 linabaki hezi 35. Kinacholisogeza ni baridi. Kwenye nyuzijoto 30 sauti inasafiri mita 349 kwa sekunde, kwenye 10 inasafiri 337. Kwa hiyo boksi lililopimwa hezi 35 kwenye joto la Dar, asubuhi ya Juni huku kwetu litasoma karibu 33.8. Hapo tayari mpira wa pembeni ya koni nao umekakamaa kwa ubaridi, ndiyo maana wufa inapigishwa dakika kumi kwanza ndipo ipimwe.

Mwinuko unauma mahali pengine kabisa. Boksi lililozibwa, lisilo na bomba, springi yake inalegea kama asilimia 18 na hakuna cha kuifidia, hivyo boksi linalotakiwa huwa dogo kuliko lile la karatasi ya kiwanda. Koni ikienda umbali uleule, sauti inapungua kama desibeli 1.5. Na feni ya amplifaya inapuliza hewa nyepesi isiyobeba joto vizuri, hivyo hitsinki (bamba la kupoza joto) iwe kubwa kidogo. Haya ndiyo ya kumwambia mtu wa Uyole au Njombe, na hayakusemwa.

Msinielewe vibaya. Nadharia yenyewe sina ugomvi nayo. Thiele aliandika kazi yake ya maboksi ya bomba mwaka 1961 huko Australia, Small akaiendeleza miaka ya 1970, na mpaka leo tunakula kwao. Ila kazi yote ya wale wazee inaanza na namba ulizozipima kwenye wufa ILE iliyo mezani kwako. Wewe unamnukuu Thiele kuhusu wufa ambayo hujawahi hata kuishika?

Na kuipima si uchawi. Unganisha amplifaya, rizista ya omu 1,000, kisha wufa ikiwa wazi nje ya boksi. Toni kutoka kwenye simu, amplifaya ipandishe mpaka itoe volti 10. Robo wati ya rizista inatosha. Soma volti za AC juu ya wufa ukipanda kutoka hezi 20: zinapanda, zinafika kilele, zinashuka. Kilele ndicho mlio wa asili wa wufa. Wengi wanakwama hapa wanasema njia haifanyi kazi, kumbe kosa ni la mita. Ile ya njano ya bei rahisi, DT-830 na ndugu zake, upande wa AC ina 200 na 750 tu, inahesabu kwa 0.1 ya volti. Wewe unatafuta 0.08 hadi 0.4. Itaona nini? Tafuta mita yenye volti 2 za AC au milivolti.

Ukishapata kilele, zungushia udongo wa kuchezea watoto katikati ya koni, gramu 20 zilizopimwa kwa mizani ya dhahabu (Mbeya hazikosekani, Chunya si mbali), upime tena. Tuseme kilele kimetoka 40 kikaja 32. Gawanya 40 kwa 32, zidisha jibu lenyewe kwa lenyewe, toa 1, unapata 0.5625. Ishirini gawanya kwa hiyo: koni ina uzito wa gramu 35.6. Karatasi ya kiwanda ikikuambia 60, tayari unajua umeuziwa nini.

Upande wa amplifaya nako vilevile. Mtu kaweka picha ya bodi ya TDA7294 (IC ya amplifaya) iliyoungua, watu wanajadili "ladha" ya sauti ya hiyo IC! Jamani, mgongo wake wa chuma umeunganishwa na umeme hasi ndani kwa ndani. Ukiukaza kwenye kasha la chuma lenye ethi bila karatasi ya maika na kikombe cha plastiki cha skrubu, umepiga shoti. Hakuna ladha hapo. Kabla ya kuwasha bodi yoyote mpya funga balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 kwa mfululizo kwenye waya wa moto, isiwe LED. Ikimulika kidogo ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka, zima. Kisha pima DC kwenye kutokea kwa spika kabla hujafunga spika: chini ya milivolti 50 ni salama. Ukikuta volti 30, hiyo ndiyo ingechoma koili ya wufa.

Na transista za amplifaya, 2SC5200 na 2SA1943, zikiwa feki mita haizitambui, zote zinasoma 0.5 hadi 0.6 kwenye alama ya dayodi. Zinajionyesha zikibeba mzigo na joto.

Trei za mayai ukutani kwa ajili ya besi: acheni. Robo ya wimbi la hezi 40 ni mita mbili na zaidi, trei ya sentimita chache haiwezi kuligusa. Chumba cha mita 4 kinavuma kwenye hezi 43 hata ukibandika trei za wilaya nzima.

Nanyi wa "sikio langu halidanganyi", mnaokataa mita, msishangilie. Umeme wa jioni ukishuka hadi volti 180, amplifaya ya wati 100 inabaki na 61. Mnashinda mkisifu kepasita mpya mliyoiweka saa tatu usiku, kumbe ni umeme tu umerudi.

Kuanzia sasa, anayepinga aandike: kifaa gani, kimefungwaje, kimesoma ngapi. Asiye na hivyo apishe.

———

Jibu la 4
Mkuu mbona povu jingi? Wengine tunasoma tu na tuna haki ya kuchangia. Waya una tofauti, masikio yanasikia.

Jibu la 5 (mwanzisha uzi)
Changia, mkuu, lakini kwa namba. Waya wa milimita za mraba 0.5, umbali wa mita 10, kwenda na kurudi una omu 0.69. Kwa spika ya omu 4 unapoteza desibeli 1.4, hiyo inasikika kweli. Wa 2.5 unapoteza 0.3. Kwangua kwa wembe, ukiona weupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, ongeza unene. Ukitaka kushindanisha shaba na fedha, sawazisha volti kwenye spika ziwe 2.83 kwa zote, tofauti isizidi 0.03, kwa toni ya hezi 200. Anayebadilisha waya asionekane na msikilizaji. Ukipatia 9 kati ya 10 rudi hapa.

Jibu la 6
Shikamoo mkuu. Nipo Mafinga, plaiwudi huku ni za kumwaga. Nitumie hiyo au mbao za paini za Sao Hill?

Jibu la 7 (mwanzisha uzi)
Marahaba. Plaiwudi, milimita 18. Mbao ya paini mbichi ikikauka ndani ya nyumba inapasuka kwenye maungio, boksi linavuja na besi inapungua bila wewe kujua kwa nini. Kabla ya kununua, gonga shiti nzima kwa kifundo cha kidole; mahali panapolia utupu kuna pengo kati ya tabaka, hapo patapiga kelele ukifungua sauti. Maungio tia gundi ya mbao kisha skrubu kila sm 15, ndani zungushia silikoni, na uiache siku mbili kabla ya kufunga wufa maana mvuke wake unaweza kuharibu wufa. Niambie wufa ni ya inchi ngapi na kilele chake umekipima hezi ngapi, nikupe lita.