The 100: Lexa ameshakufa, niendelee au niishie hapa?

Binti_Kijenge
Wadau habari za usiku. Mliomaliza The 100, ile sirizi ya Marekani ya vijana 100 wanaoshushwa kutoka angani kuja duniani miaka mingi baada ya mabomu ya nyuklia, naombeni msaada, nipo sizoni ya 3 nimemaliza episodi ya 7 na kiukweli roho inaniuma. Naangalia na mdogo wangu wa kidato cha pili yuko likizo, jamaa wa kibanda hapa Ngarenaro alitujazia sizoni zote 7 kwenye flashi kwahiyo nyingine zipo tu, ila tangu Lexa, yule kiongozi wa wenyeji wa duniani, apigwe ile risasi dogo kagoma kabisa anasema haangalii tena.

Sio kwamba nalilia stelingi asife. Hii sirizi tangu mwanzo inaua watu na tulishazoea. Mwisho wa sizoni ya 2 pale Clarke na Bellamy, viongozi wa wale vijana, wanashusha ule mkono wa mashine mionzi inaingia Mount Weather, ile ngome ya chini ya ardhi, wanakufa wote, watoto, wazee, hadi wale waliokuwa wanawaficha vijana wetu, nililia sana lakini nilielewa, maana sizoni nzima tumeona wale watu wanataka uboho wa hawa vijana ili waweze kutoka nje, na Lexa mwenyewe alishakubaliana na adui akaondoka na jeshi lake akamwacha Clarke mlangoni peke yake. Kila mtu alikuwa anaokoa watu wake. Hata Lexa nilimchukia siku ile lakini nikamwelewa.

Sasa hii ya juzi mtu anakufa kwa risasi iliyolengwa mtu mwingine, tena dakika chache baada ya yeye na Clarke kuwa pamoja. Hivi waandishi hapa hawajatuonea? Na je mbele kuna kitu cha maana?

Mkazi wa Sakina
Dada pole, na hauko peke yako. Hiyo episodi ilirushwa Marekani tarehe 3 Machi 2016 na watazamaji walichachamaa vibaya mno. Hasa mabinti wanaopenda mabinti wenzao, maana Lexa walimwona ni wao, na walishachoka kuona kwenye sirizi nyingi mwanamke wa namna hiyo akipata tu furaha kidogo anauawa. Na hawakuishia kulalamika, walichangishana hela wakapeleka Trevor Project, shirika la huko huko linalosaidia vijana kama hao wanapofika mahali pa kutaka kujiua. Mwezi haujaisha Jason Rothenberg mwenyewe, huyo aliyeitengeneza sirizi, akaandika kuomba radhi hadharani.

Kilichokuwepo nyuma ya pazia ni kwamba Alycia Debnam-Carey aliyecheza Lexa alikuwa tayari mhusika mkubwa kwenye Fear the Walking Dead, asingeweza kukaa huku muda wote. Sawa, tuseme lazima aondoke. Mimi bado nasema walikosea namna ya kumtoa. Huyu ni yule aliyepigana na Roan mbele ya watu wote, akamwangusha, halafu badala ya kumuua akageuka akamrushia mkuki malkia Nia, mama yake Roan, pale pale alipokaa! Mtu wa hivyo unamuua chumbani kwa risasi iliyokuwa ya mwingine? Hapana aisee.

Mwl_Pasua
Naomba nitofautiane na Mkazi wa Sakina kwa heshima. Hiyo risasi haikuanguka kutoka mbinguni. Titus, mshauri wake, alishamwambia Lexa mara ngapi kwamba mapenzi yake kwa Clarke yatamponza? Akaona hasikilizwi, akamkamata Murphy, mmoja wa wale vijana, akachukua bunduki akitaka Clarke afe kwa silaha ya kwao ili ionekane Murphy ndo kaua. Na huyu mzee hajawahi kushika bunduki maishani, ndo maana anafyatua hovyo. Amemuua Lexa, mtu yule yule aliyetaka kumlinda. Kwangu mimi hiyo ni simulizi iliyosukwa, inauma kwa sababu imesukwa. Kosa lao ninaloliona ni moja tu, kuweka furaha na kifo kwenye episodi moja, hapo hata mtazamaji hakupewa nafasi ya kupumua.

Halafu mkumbuke sizoni ya 1, sehemu ambayo watu hawaiongelei vya kutosha. Kule juu kwenye Ark, chombo cha angani walikotoka, hewa inaisha, watu 320 wanajitolea kufa ili wengine wapate kuvuta pumzi, kuna baba kajitolea kwa ajili ya mwanae. Huku chini Bellamy alishaitupa redio mtoni kwa sababu alimpiga Jaha, kiongozi wa Ark, risasi ili apande chombo cha kushuka duniani, anaogopa wakishuka watamnyonga. Vijana wakarusha fataki za ishara kuwajulisha wazazi kwamba duniani panakalika. Zikachelewa, watu wakafa! Ile ndo The 100 yenyewe, uoga wa kijana mmoja unagharimu roho 320 na hakuna mtu wa kumkamata amwambie lipa, anaishi nayo. Kila nikiitazama nashindwa kumchukia Bellamy na nashindwa kumsamehe.

dogo_wa_Majengo
Shikamoo mwalimu. Mimi naangalia kwa ajili ya Murphy basi. Walimnyonga kwa kosa la Charlotte, yule binti mdogo aliyemuua Wells mtoto wa Jaha, akakatwa kamba karibu anakata roho, halafu ukweli ulipojulikana hakuna hata mmoja aliyemwambia pole. Watu wanamwita adui wakati walimtengeneza wenyewe. Binti_Kijenge endelea, huyu jamaa peke yake anatosha.

Msafiri Marangu
Mi kilichonishika ni ule msitu, wameshuti Vancouver kule Canada, ukungu umeshika, mashina yameota kuvu na majani ya kijani hadi juu, ni kama njia ya kwenda Mandara kule Kilimanjaro asubuhi. Lakini kinachonikera hao vijana wametoka angani, vizazi vitatu hakuna aliyekanyaga udongo, miaka 97 tangu mabomu, halafu siku mbili tu wanakimbia porini usiku bila kuvunjika mguu. Msitu haukubaliani na mgeni hivyo, baridi peke yake ingewalaza. Hapo naona waandishi waliruka sehemu nzuri sana, wangetuonyesha wakijifunza kuwasha moto, kutafuta maji, kuogopa giza la kweli ambalo kule juu halipo.

Na kuhusu kifo, aliyesoma kitabu cha Kass Morgan anajua Wells ni mmoja wa wahusika wakuu na anaishi. Kwenye sirizi episodi ya 3 tu kashachomwa kisu na katoto! Lexa hata hayupo kwenye kitabu. Kwahiyo hawa watu wa TV tangu mwanzo walishaamua njia yao.

Mama Neema_Moshi
Mwanangu Binti_Kijenge, mbona wote wanakujibu wewe na hakuna aliyemwongelea mdogo wako? Kidato cha pili ni mtoto wa miaka 14 au 15. Huyo Charlotte mnaomtaja alikuwa mdogo, wazazi wake waliuawa kwa amri ya baba yake Wells, anaota ndoto mbaya kila usiku, Bellamy anamwambia umalize hofu yako, naye akaelewa amuue Wells. Halafu akajirusha gengeni. Mimi nilizima TV siku ile tukakaa na binti yangu tukaongea mpaka saa sita. Sisemi asiangalie, kuna maswali mle ambayo watoto wetu wanayo na hawana wa kumwuliza. Ila akigoma mwenyewe usimlazimishe, muulize kilichomuumiza ni nini hasa.

Binti_Kijenge
Asanteni sana jamani, mama asante kwa hilo. Nimemuuliza leo. Kumbe hakukasirikia risasi, anasema Lexa ndo alikuwa mkubwa pekee mle ndani aliyeanza kukubali watu wasilipizane kisasi, sasa amekufa yeye na waliobaki wote wanajua kupigana tu. Nimebaki namwangalia. Mwalimu nimekubali kuhusu Titus, nimeirudia ile sehemu na kweli walituonyesha mapema, ila na Mkazi wa Sakina bado nipo naye, furaha na kifo siku moja ni uonevu.

Tutaendelea, amekubali kwa masharti kwamba nimwangalizie kwanza mimi. Kuna sehemu nijiandae?

Mwl_Pasua
Huyo dogo anafikiri vizuri kuliko wengi wetu hapa. Sizoni ya 3 imalizeni, inayumba kidogo katikati ila mwisho wake unakaza. Ya 4 mwachie aangalie yote, hiyo mimi naiweka juu kabisa, watu wanajua dunia inaungua tena na wanabishana nani aokolewe. Ya 5 kuna habari za watu waliofungiwa chini ya ardhi, hizo episodi zinazorudi nyuma kuonyesha yaliyowapata kule chini tazama wewe kwanza usiku akiwa amelala, halafu uamue.

Mama Neema_Moshi
Hapo kwenye ya 5 msikilize mwalimu. Mimi yangu nilimrukisha, akaja kuiona alipomaliza fom foo.