Mrejesho: ekografia ya jicho la baba, Bukavu

Aksanti sana ndugu zangu. Niliuliza hapa kama inafaa kulipia ekografia (picha ya mawimbi ya sauti) ya jicho la baba, lililovimba na kuuma siku chache baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Ukungu ndani ya jicho ulikuwa mzito, daktari hakuweza kuona ndani kwa taa yake.

Nilimfuata aliyesema tusingoje kesho. Walimpaka jeli juu ya kope lililofungwa, hakuumia. Picha ilionyesha uchafu umetapakaa ndani ya ute wa jicho, ila retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, bado imeshikamana. Hilo lilitutia moyo sana! Ekografia haiwezi kusema ni vijidudu gani, kwa hiyo walivuta ute kidogo wa kupeleka maabara, na papo hapo wakamchoma vankomisini na seftazidime, dawa za kuua vijidudu, ndani ya jicho. Ekografia ya marudio ilionyesha uchafu unapungua.

Maabara haikuotesha kijidudu chochote kutoka ule ute. Maumivu yamekwisha, lakini kuona hakujarudi kama tulivyoomba: baba anahesabu vidole vikiwa karibu, kusoma hawezi. Aliyeshauri matone ya majani, tafadhali usimwambie hivyo mgonjwa mwingine. Wengine wote, Mungu awabariki. Bado tunaendelea na matone ya daktari.