Shokapu za mbele laini kupita kiasi kwenye pikipiki niliyoijenga, nizikazeje?

chuma_chakavu:
Wakuu habari zenu. Nina pikipiki ya 125 nimeikatakata mwenyewe nikaifanya kafe resa, fremu nimefupisha nyuma, kiti cha mtu mmoja, hendo nimeshusha chini kabisa na tanki nimeweka la pikipiki kubwa zaidi. Inapendeza aisee, nikiipaki watu wanasimama. Tatizo ni shokapu za mbele. Ni zile za kawaida, bomba la milimita 30, kule ndani springi na oili basi hakuna marekebisho yoyote. Nikishika breki ya mbele pua inazama yote mpaka chini afu nasikia "ko!", na nikiingia kwenye shimo dogo tu ko hiyohiyo. Mimi nina kilo 84.

Nilichofanya mpaka sasa nimemwaga oili ya zamani (ilikuwa nyeusi inanuka kama samaki aliyesahauliwa) nikaweka 20W badala ya 10W (namba kubwa ni oili nzito zaidi). Kwenye breki inazama taratibu kidogo ila bado inafika chini, na barabara ya matuta madogomadogo yaliyofuatana ndo imekuwa balaa, mbele pagumu kama mti na kadiri navyozidi kwenda ndo panazidi kuwa pagumu. Sasa sielewi, ni laini au ni ngumu? Nimefikiria kwenda 30W au kujaza washa (vile vyuma bapa vya duara vyenye tundu) juu ya springi. Naombeni mawazo kabla sijaharibu.

mzee_wa_spana:
Washa mkuu. Fungua kifuniko cha juu, weka washa nne tano kila upande, funga. Au kata bomba la PVC la sentimita tatu uweke juu ya springi. Nusu saa umemaliza. Oili nzito achana nayo.

gia_ya_tano:
Mzee wa spana kasema nusu, ngoja nimalizie nusu nyingine maana hapa ndo watu wengi tunapotea.

Mkuu chuma, ulichouliza mwenyewe mwishoni ndo jibu, yaani springi yako ni laini NA oili yako ni ngumu, vyote kwa pamoja. Oili haibebi uzito. Oili inapunguza kasi tu ya shokapu kushuka na kupanda. Ukisimama tu juu ya pikipiki bila kutembea, iwe 10W iwe 30W itazama palepale, tofauti ni itachukua muda gani kufika. Sasa kwenye matuta yaliyofuatana, tuta la kwanza linaisukuma shokapu juu, oili nzito inaizuia isirudi haraka, tuta la pili linaikuta bado imejikunja, la tatu inakuta imejikunja zaidi, mwisho unaendesha juu ya shokapu iliyokwisha kulala. Ndo maana unasema inazidi kuwa ngumu. Ukiweka 30W utalia.

Washa na PVC navyo haviifanyi springi iwe ngumu. Ugumu wa springi uko kwenye unene wa waya, upana wa koili na idadi ya koili, basi. Ukiikandamiza kwa juu unachofanya ni kuinua pikipiki tu, inaanza safari ya kuzama ikiwa juu zaidi. Wakati mwingine hiyo inatosha kabisa, wakati mwingine haitoshi, na kujua inabidi upime. Usikate chochote leo.

Pima hivi. Funga tai ya plastiki ile ya kufungia waya kwenye bomba linalong'aa, juu kidogo ya sili (ule mpira unaozuia oili isitoke). Kama una vile vifuniko vya mpira vivue. Inua mbele mpaka tairi liache ardhi, shokapu zinyooke zote, sukuma tai iguse sili. Shusha taratibu bila kukaa, inua tena, soma tai imepanda milimita ngapi. Hiyo ni ya pikipiki peke yake. Rudia ukiwa umekaa na nguo zako zote za kuendeshea, mtu akushikilie nyuma usidondoke. Halafu jua safari nzima ya shokapu, yaani kutoka kunyooka kabisa mpaka kuzama kabisa, ni milimita ngapi. Ukikaa inatakiwa izame karibu theluthi ya safari. Leta namba.

kona_kali:
Swali la pembeni kabla hamjaenda mbali: hiyo "ko" una uhakika ni shokapu? Umesema hendo umeshusha chini kabisa. Kama umepandisha mabomba kupita kibano cha juu (mabomba yanashikwa na vibano viwili, cha juu na cha chini), basi matigadi au tairi linaweza kuwa linagonga kibano cha chini kabla shokapu haijafika mwisho. Mimi langu lilikuwa linafanya hivyo miezi, nikawa nalaumu springi. Toa springi zote mbili nje, shusha pikipiki mpaka chini kabisa kwa mkono, angalia nafasi iliyobaki. Tairi likigusa chuma ukiwa kwenye kasi hutakuwa na muda wa kuuliza hapa.

chuma_chakavu:
Dah @kona_kali umenitisha nikaenda kuangalia usiku huohuo. Nilipandisha mabomba milimita 30 ili ikae chini, na kweli matigadi ina alama ya kukwaruzwa kwa juu. Nimerudisha mpaka milimita 10, sasa inabaki nafasi ya vidole viwili ikiwa chini kabisa. Ko bado ipo ila sauti imebadilika, sasa ni ya ndani.

Namba zangu: safari yote 115. Peke yake inazama 20. Nikikaa 57.

gia_ya_tano:
57 kwa 115 ni nusu ya safari umekula kabla hata hujaondoka nyumbani, hapo breki ikishikwa unategemea nini.

Sasa ona utamu wa hizo namba mbili. Wewe mwenyewe ukikaa unaizamisha milimita 37 (57 toa 20). Tuseme unamfuata mzee unaweka PVC ya milimita 20. Ukikaa itazama 37, theluthi kabisa, unafurahi. Lakini ukishuka itazama sifuri, yaani shokapu imenyooka mpaka mwisho na springi bado inasukuma. Mbele pakiwa pepesi, tairi likipita juu ya shimo halina pa kushukia, linaning'inia. Na ukivuka tuta unaweza kusikia "ko" nyingine, ya juu safari hii. Hiyo ndo dalili ya springi laini: ukiipanga ikufae ukiwa umekaa inakosa nafasi ukiwa umeshuka. Kwa hiyo kwako speisa (hicho kipande cha PVC) peke yake hapana. Tafuta springi ngumu zaidi.

mzee_wa_spana:
Nimekubali. Ila springi ngumu za bomba la 30 hazipatikani kirahisi, hizo zinatengenezwa za pikipiki kubwa. Akate za kwake.

grainda_na_subira:
Kukata kunafanya kazi, nimefanya mara mbili, ya kwanza niliharibu. Nakuambia zote.

Koili chache maana yake springi ngumu, uwiano wake umenyooka. Ukiwa na koili 48 ukatoa 10 zikabaki 38, chukua 48 gawa kwa 38, unapata 1.26, yaani ugumu umepanda asilimia 26. Hii ni kwa springi yenye koili za nafasi sawa. Kama upande mmoja zimebanana zile ndo sehemu laini, zinagusana mapema halafu zinakuwa kama hazipo, ukikata hizo unaondoa ulaini wa mwanzo tu na mwisho unabaki ulivyokuwa.

Urefu uliokata lazima urudishe kwa speisa, la sivyo springi itacheza ndani. Na hapa ndo niliharibu mara ya kwanza: sikuhesabu kama koili zitagusana. Chukua urefu wa springi iliyobaki ikiwa huru, toa unene wa waya mara idadi ya koili, kinachobaki kiwe kikubwa kuliko safari yako jumlisha na mkandamizo wa awali (kiasi springi inachobanwa ukifunga tu kifuniko). Mimi kilikuwa kidogo. Springi ikageuka bomba la chuma kabla shokapu haijaisha safari, nikagonga shimo moja kifuniko cha juu kikavua nyuzi zake. Bahati sikuwa kasi.

Kata kwa diski nyembamba, pole pole, maji karibu. Usitumie moto wa gesi, chuma kikipoteza ugumu wake springi italala. Ncha uliyokata iweke juu, washa bapa katikati ya springi na speisa ili isiichimbe plastiki. Pande zote mbili zilingane, hesabu koili mara mbili.

Na kufungua: weka jeki chini ya injini tairi liwe hewani, legeza kwanza boliti za kibano cha juu ndo uguse kifuniko, na usiweke uso juu yake. Kinaruka.

chuma_chakavu:
Springi yangu huru ni 380, koili 48 nafasi sawa, waya 3.5 kwa venia. Nikikata 10 inabaki kama 301. Toa 133 inabaki 168. Safari 115 na mkandamizo kama 20, jumla 135. Niko salama si ndiyo?

grainda_na_subira:
Una akiba ya 33. Kata. Speisa fanya 87: ile 79 uliyoitoa na 8 za nyongeza, unene wa washa uhesabu humohumo.

kona_kali:
Na oili rudi 15W, springi ikiwa ngumu inarudi kwa nguvu zaidi kwa hiyo 10W itaruka kidogo. Usipime kwa ujazo, pima kina: springi nje, shokapu imekunjwa yote, pampu juu chini mpaka mapovu yaishe, halafu kutoka mdomo wa bomba mpaka kwenye oili. Pande zote sawa. Anza na 140. Hewa iliyobaki juu nayo ni springi, inakaza mwishoni tu, kwa hesabu ya mkato hewa ya 140 inabanwa kama mara 1.8 ukifika chini, ukiweka 100 inakuwa kama mara 2.15. Kama bado inagonga ongeza oili ipande milimita 10 kwa 10. Ukizidisha sili zitatema.

chuma_chakavu:
Mrejesho. Imechukua Jumamosi nzima na grainda imeniunguza kidole ila imekubali. Peke yake inazama 8, nikikaa 38. Oili 15W, kina 140, nikaongeza oili kina kikafika 130 maana shimo moja baya bado liligonga. Breki pua inashuka inasimama, siyo kama mwanzo. Yale matuta madogo tairi linafuata ardhi, nilirudi mara tatu kuyapita makusudi.

Sili ya kulia imeanza kulowa kidogo. Hiyo ilikuwa hivyo hata kabla, au ni ile 130?

mzee_wa_spana:
Angalia bomba kwanza lisiwe na kutu pale sili inapopita. Pitisha kucha. Ikikwama, sili mpya haitakaa hata wiki.