Naomba ushauri: binti yangu aanze na treni ipi?

Habari zenu ndugu zangu. Nina binti wa miaka tisa, na ni katika umri huohuo mimi nilianza kupenda safari. Mama alinipeleka Kigoma kwa treni ya Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar. Nakumbuka kuku tuliyemnunua dirishani pale Saranda, asali ya Tabora, na nilivyoshangaa kuona abiria wa Mwanza wakiachana nasi njia panda, sisi tukaendelea magharibi. Kabla ya hapo nilidhani nchi inaishia Kibaha! Nilipoliona Ziwa Tanganyika nilinyamaza kimya. Mpaka leo nikisikia honi ya treni moyo unanienda mbio.

Sasa likizo inakaribia. Baba yake anataka twende Dodoma kwa SGR, ile treni mpya ya umeme, saa chache tu tumefika. Treni ni nzuri, sikatai, tena safi. Lakini kwa mwendo ule wa kilomita 160 kwa saa, nahofia mtoto atafika kabla hajauliza hata swali moja. Kwangu mimi kilichonikamata ni vituo, wauzaji na lafudhi zinazobadilika njiani.

Ila siku mbili njiani na mtoto aliyezoea katuni, atavumilia? Akichoka, si ndiyo atazichukia safari kabisa?

Waliosafiri na watoto kwenda Kigoma karibuni, naomba mnieleze: behewa la daraja gani linafaa, na nibebe chakula kiasi gani? Na ninyi, safari iliyowaamsha ilikuwa ipi?