Naombeni ushauri: nimemeza ARV pamoja na vidonge vya damu na dawa ya kiungulia wiki tatu

Wa_Kimara
Habari zenu wapendwa. Nina ujauzito wa wiki 27. Naishi na VVU tangu 2020, natumia ARV iitwayo TLD, kidonge kimoja saa 3 usiku. Mume wangu anajua, tena kengele ya simu ikilia nikiwa jikoni yeye ndiye huniletea maji. Kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi walisema havionekani.

Wiki tatu zilizopita kliniki ya wajawazito walinipima damu wakakuta 9.2, nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Ili nisisahau, nikavihamishia saa 3 usiku, nameza pamoja na ARV. Chakula cha usiku nimeacha kwa sababu nikila tu kiungulia kinapanda hadi kooni, kwa hiyo nameza na maji, tumbo tupu. Hapo hapo natafuna vidonge viwili vya kiungulia, vile vyeupe vyenye ladha ya mnanaa, nilivyojinunulia duka la dawa.

Juzi nikiwa foleni ya CTC, kliniki ninakochukulia ARV, nikasikia mama wa mbele yangu anaambiwa dirishani, "chuma usichanganye na hii." Moyo ulinilipuka. Zamu yangu ilipofika watu walikuwa wamejaa mgongoni, nikaona aibu kuuliza, nikachukua dawa nikaondoka. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Mtoto atakuwa ameshaambukizwa? Niache vidonge vya damu?

Na hili pia: mama mkwe amekuja kukaa nasi na hajui hali yangu. Kopo la vidonge 90 ukiligusa tu linalia, nikazitoa dawa zote nikaziweka kwenye kimfuko cha nailoni ndani ya pochi. Kuna ubaya?

Mzawa_Halisi
Pole dada. Mimi ningeacha vidonge vya damu kabisa, kunywa juisi ya rozela na matembele, damu itapanda yenyewe. Halafu hiyo dolutegravir iliyomo ndani ya TLD nilisoma inalemaza watoto tumboni. Waambie wakubadilishie.

Mfamasia_Mkoani
Wa_Kimara, umefanya vizuri kuuliza. Usiache dawa yoyote kati ya ARV na vidonge vya damu. Damu 9.2 ukielekea kujifungua si ya kubahatisha na rozela. Kunywa rozela kama chakula, lakini vidonge viendelee.

Tatizo liko hivi. Ndani ya TLD kuna dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Hiyo ya tatu ikikutana tumboni na madini kama chuma, kalsiamu, magnesiamu au aluminiamu, vinashikana. Kilichoshikana hakipenyi ukuta wa utumbo kuingia kwenye damu, kinaishia chooni. Vidonge vya damu ni chuma. Vile vyeupe vya kiungulia kwa kawaida vina magnesiamu, aluminiamu au kalsiamu. Kwa hiyo kila usiku ulikuwa unaipokonya TLD nguvu mara mbili, na tumbo tupu likaongeza hasara.

Panga hivi. ARV ibaki saa 3 usiku, usiiguse. Kidonge cha damu kihamie asubuhi, lakini usikishushie na chai, maana chai nayo inazuia chuma kuingia mwilini. Tumia maji, au maji ya machungwa. Chuma na TLD vinaweza kumezwa pamoja endapo tu unavimeza na mlo. Bila chakula, TLD itangulie saa mbili kabla ya chuma au ifuate saa sita baadaye.

Dawa ya kiungulia ya kutafuna, hata ukila pilau sahani nzima, usiichanganye na TLD. Kwako wewe maana yake ni hii: kuanzia saa 9 alasiri mpaka saa 5 usiku usiitafune. Baada ya saa 5 ruksa, ila usiisogeze karibu na kidonge cha damu, kwa sababu chuma nacho inakizuia. Kiungulia kikikutesa jioni, waambie kliniki, zipo dawa nyingine zisizogombana na dolutegravir.

Mzawa_Halisi, hofu hiyo ilitoka kwenye utafiti wa Botswana mwaka 2018, ulioonyesha watoto wa akina mama wanaotumia dolutegravir wanapata ulemavu zaidi kidogo, na ilikuwa hofu ya haki wakati ule. Walipoendelea kufuatilia akina mama wengi zaidi, tofauti ile ilififia, na Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dolutegravir kwa watu wote, wajawazito wakiwemo. Tafadhali usimtishe mtu aliye wiki ya 27 kwa habari ya zamani.

Riziki_WAVIU
Mdogo wangu, mimi ni WAVIU mshauri, yaani naishi na VVU na nawashauri wenzangu, nimezaa wawili nikiwa kwenye dawa na wote hawana maambukizi. Wiki tatu hazimaanishi mtoto ameambukizwa. Ila usikae na hofu nyumbani. Nenda CTC kesho, usisubiri tarehe ya kadi. Sema maneno haya haya uliyoandika hapa, na uulize kama unastahili kupimwa wingi wa virusi sasa. Majibu yanatakiwa yajulikane kabla hujajifungua, kwa sababu ndiyo yanayoamua mtoto aanze na dawa ya kinga ya namna gani. Dirishani pakiwa na watu, mwambie nesi "naomba tuongee pembeni." Una haki hiyo, na hakuna wa kukucheka.

Na usije ukameza TLD mbili kwa siku ili kufidia. Ukisahau, meza ukikumbuka. Ila zikibaki chini ya saa nne kufika muda wa dozi inayofuata, subiri hiyo.

Kuhusu kopo: rudisha dawa koponi leo. Kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu kiache humo humo, ndicho kinachozilinda, maana joto na unyevu vinaziharibu. Mimi nilikuwa naweka pamba safi juu ya vidonge, kopo halilii hata ukikimbilia daladala. Lebo ikikusumbua, vika kopo soksi. Swali moja: unakula udongo?

Wa_Kimara
Asanteni sana, nimesoma nikilia. Ndiyo dada Riziki, nakula, vipande viwili vitatu kwa siku.

Riziki_WAVIU
Hilo la udongo nalo waambie kliniki. Unaweza kukuletea minyoo na damu ikazidi kushuka wakati unahangaika na vidonge.

Wa_Kimara
Mrejesho. Nilienda. Nesi alinifungia mlango, akanisikiliza mpaka mwisho, hakufoka. Wamechukua damu ya wingi wa virusi, majibu watanipigia. Ratiba ni kama aliyoandika Mfamasia, akaniandikia nyuma ya kadi kwa kalamu nyekundu: chuma saa 2 asubuhi, ARV saa 3 usiku. Dawa ya kutafuna amenibadilishia. Jana usiku nimekula wali kidogo, kengele ikalia, mume akaleta maji, nikameza kidonge kimoja. Mama mkwe alikuwa sebuleni, kopo halikulia.