Jezi ya Ohio State au Michigan? Nalipia Jumamosi

Mjomba_Kigoma: Wakuu, nataka kumnunulia mpwa wangu jezi ya mpira wa Kimarekani wa vyuo. Anataka chuo ambacho wachezaji wake wamebeba tuzo binafsi nyingi. Ohio State au Michigan?

Kalamu_Nyeusi: Ana umri gani? Anakaa wapi? Mkuu umeandika kama telegramu.

Buckeye_wa_Tabora: Hakuna mjadala hapa. Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka: Ohio State 7, Michigan 3. Archie Griffin peke yake alibeba mbili, 1974 na 1975, na hadi leo hajatokea mwingine wa kubeba mbili.

BintiBandari: Tatu kati ya hizo ni za 1944, 1950 na 1955, babu yangu hajaoa! Woodson wetu wa Michigan aliichukua 1997 akiwa beki, akamwacha mrusha mpira Peyton Manning. Na 1991 Desmond Howard aliwakimbiza yadi 93 ninyi ninyi, akafunga, akapiga pozi la sanamu ya Heisman.

Fundi_Saa: Heisman ni ya wagusa mpira. Orlando Pace wa Ohio State kazi yake ilikuwa kusukuma watu tu, akabeba tuzo za watu wa mstari wa mbele: Lombardi 1995 na 1996, pamoja na Outland 1996. Kwenye Heisman akaambulia nafasi ya nne.

Jangwani_Damu: Mpira gani huo wa kushika mikononi?

BintiBandari: Kipa wenu anashikia miguuni?

Mama_Neema: Mie nawaonya kuhusu jezi zenyewe. Niliagiza mtandaoni ya bei chee, namba 27 ya Eddie George, Heisman 1995. Nimeingoja wiki tano. Kuifua mara moja tu, ile 7 imebanduka ikagandia dera langu jipya! Mtoto kabaki na 2. Kwenda kwa wenzake wakamcheka, eti kavaa namba ya Woodson. Muuzaji nimemwandikia mpaka nimechoka, kimya.

Mjomba_Kigoma: Samahani, nilikuwa kazini. Ana miaka 12, anakaa Columbus.

Buckeye_wa_Tabora: Columbus, mji wa Ohio State?! Na unauliza Michigan? Wiki ya mechi ya Ohio State na Michigan, pale chuoni huweka alama ya X hadi kwenye herufi M za mabango!

BintiBandari: Na bado tuliwafunga kuanzia 2021 hadi 2024.

Mjomba_Kigoma: Nimempigia sasa hivi. Anasema baba yake ni Michigan, na yeye sasa anataka chuo kingine, Notre Dame.

Fundi_Saa: Nao wana Heisman 7. Tuanze upya?

Mjomba_Kigoma: Mama Neema, hiyo yenye 2 bado unayo? Saizi gani?