Wakazi kufanya utafiti wenyewe baada ya mafuriko

Wakuu, mtaani kwetu Lindi maji yamepungua. Tunataka wakazi wenyewe watafiti nani kapoteza nini. Tuanzie wapi?

— Pimeni alama ya tope ukutani kabla watu hawajakandika upya. Ikishafunikwa, ushahidi umekwenda. Futi kamba ianzie sakafuni, si uwanjani. Nendeni wawiliwawili, na mtu asipime nyumba ya nduguye.

— Semeni mlangoni kabisa kwamba hii si orodha ya misaada, la sivyo idadi ya watu itavimba. Mpangaji aulizwe mwenyewe, tafadhali! Mwenye nyumba hutaja mabati, hataji godoro wala cherehani ya mpangaji.

— KoboCollect, programu ya simu ya kukusanyia majibu ya utafiti, inajaza fomu bila bando. Simu ikikosa setilaiti za kuonyesha nyumba ilipo (GPS) chini ya bati, toka nje. Matokeo yasomwe mkutano wa mtaa kwanza, halmashauri baadaye.